Bert Shepard: mguu mmoja, mchezo mmoja, wastani 1.69 (uzi mrefu, njooni na chai)

Kushoto_Temeke (mwanzisha uzi):
Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa wachezaji wenye rekodi fupi niliahidi kumleta huyu mtu. Leo nimepata nafasi, naanza.

Kwanza someni takwimu zake zote za ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Zinaenea kwenye mstari mmoja:

Bert Shepard, Washington Senators, 1945. Michezo 1. Ushindi 0, vipigo 0. Zamu 5.1. Mapigo 3. Mikimbio 1. Besi za bure 1. Waliotolewa kwa straiki tatu 2. Wastani 1.69.

Basi. Juu ya mstari huo hakuna kitu, na chini yake hakuna kitu. Ukiuona bila maelezo utadhani ni kijana aliyepewa nafasi siku moja, akatupa vizuri, kisha akaumia au akarudishwa ligi ndogo. Mstari hausemi kwamba siku ile alikuwa amesimama pale juu na mguu wa bandia kuanzia chini ya goti la kulia. Hausemi kwamba miezi 15 tu nyuma alikuwa ndani ya ndege ya kivita juu ya Ujerumani.

Nitaandika kwa vipande, naomba mnivumilie. Wenye maswali ulizeni katikati, msisubiri nimalize.

Mama_Tunu:
Tupo mkuu. Ila sisi wengine besiboli hatuijui kabisa, tumezoea mpira wa miguu. Anza na maana ya hizo namba, la sivyo utatuacha njiani.

Kushoto_Temeke:
Dada Mama Tunu, umesema kweli. Kwa ufupi:

Mchezo una zamu 9. Katika kila zamu timu moja inapiga, nyingine inalinda, kisha wanabadilishana. Anayelinda lazima awatoe wapigaji watatu ndipo zamu yake ya kulinda iishe. Mtupaji anasimama kwenye kilima kidogo katikati na kumrushia mpigaji mpira kutoka mita 18 na kidogo. Mpigaji akizunguka besi zote nne mpaka nyumbani, huo ni mkimbio mmoja, kama bao. Pigo ni mpigaji kuupiga mpira akafika besi salama. Straiki ni mrusho mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha; zikifika tatu ametolewa.

Wastani wa mtupaji ni hivi: mikimbio iliyoingia kwa makosa yake, zidisha kwa 9, gawanya kwa zamu alizotupa. Maana yake, angetupa mchezo mzima kwa kiwango kile angeruhusu mikimbio mingapi. Chini ya 3 ni mtu wa kuheshimiwa. Chini ya 2 ni moto.

HesabuSafi:
Mkuu, samahani, nimepiga hesabu na haiji. Mkimbio 1 × 9 = 9. Gawanya kwa 5.1 napata 1.76. Wewe umeandika 1.69. Nani kakosea?

Kushoto_Temeke:
Hujakosea hesabu mkuu, na asante kwa kuipiga mwenyewe. Hiyo 5.1 si desimali. Zamu moja ina watu watatu wa kutolewa, kwa hiyo .1 ni theluthi moja na .2 ni theluthi mbili. Shepard alitupa zamu tano na theluthi, yaani aliwatoa watu 16. Gawanya 9 kwa tano na theluthi, inatoka 1.6875. Wakaizungusha ikawa 1.69.

Na hiyo theluthi ishike vizuri, nitairudia. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Sasa mtu mwenyewe. Alizaliwa Juni 28, 1920, Dana, mji mdogo Indiana. Anatupa kwa mkono wa kushoto. Kabla ya vita alizunguka kwenye ligi ndogo za chini, mkono una nguvu lakini mpira hauendi anakotaka. Anatoa besi za bure nyingi mno. (Besi ya bure ni pale mtupaji anapokosa shabaha mara nne na mpigaji anatembea tu mpaka besi ya kwanza.) Hakuna aliyekuwa anamngoja ligi kuu.

1942 akaingia jeshini, akajifunza urubani, akapelekwa Uingereza na kikosi cha 55 cha ndege za kivita. Walirusha P-38 Lightning, ile yenye mikia miwili.

Mei 21, 1944 alikuwa na safari yake ya 34 ya vita. Siku hiyohiyo timu ya besiboli ya kambini ilikuwa na mchezo, na yeye alikusudia kurudi mapema acheze. Walikuwa wanashambulia shabaha za ardhini kaskazini mwa Ujerumani. Risasi za kutungulia ndege zikapenya sakafu ya chumba cha rubani na kuupiga mguu wake wa kulia. Akapoteza fahamu, ndege ikaanguka shambani.

Pwani_Moja:
Subiri kidogo ndugu. Ndege imeanguka, rubani kazimia, na akapona?

Kushoto_Temeke:
Akapona, na hapo ndipo anaingia mtu ambaye nisingekubali kumruka hata kama uzi ungekuwa mfupi.

Wakulima wa pale walimfikia kwanza, na uma za kilimo mikononi. Muwaelewe, hizo ndege zilikuwa zinaua watu wao. Walitaka kummaliza. Daktari wa jeshi la anga la Ujerumani, Mwaustria anayeitwa Ladislaus Loidl, akafika na askari wake, akatoa bastola, akawazuia. Akampakia Shepard, akatafuta hospitali. Ya kwanza ilikataa kumpokea kwa sababu ni rubani wa adui. Loidl akapiga simu kwa mkubwa wa jeshi Berlin mpaka mgonjwa akapata kitanda. Kisha akaondoka kurudi kazini kwake. Shepard alipozinduka hakujua hata sura ya mtu aliyemwokoa.

Mguu ulikuwa umeharibika, wakaukata chini ya goti.

Kocha_Upanga:
Mkuu naomba nichomekee kitu kama mtu anayefundisha vijana besiboli hapa Dar. Umesema anatupa kwa kushoto na kapoteza mguu wa kulia. Hilo ni jambo kubwa na msomaji asiyejua mchezo atalipita tu.

Mtupaji wa kushoto anasukuma kwa mguu wa kushoto. Anapanda ule wa kulia juu, anausukuma mwili mbele, halafu anatua kwa mguu wa kulia. Uzito wote wa mwili, pamoja na mshindo wa mrusho, unamalizikia kwenye mguu wa kutua. Na anatua kwenye mteremko, kwa sababu kile kilima kinashuka kuelekea kwa mpigaji. Vijana wangu wenye miguu miwili mizima, wengine inawachukua mwezi kujifunza kutua bila kuyumba.

Kwa hiyo huyu bwana alikuwa anatua juu ya mguu wa bandia kila mrusho. Akimaliza kutua, mpira unaweza kurudi kwake kwa kasi na inabidi awe tayari kuudaka au kukimbia. Kifundo cha mguu hakuna. Vidole vya kumsaidia kushika ardhi hakuna.

Hebu fikirieni hilo wakati mnaisoma ile 5.1.

Kushoto_Temeke:
Kocha, Mungu akubariki. Nilikuwa natafuta namna ya kulieleza hilo tangu jana.

Binti_Kigoma:
Mimi besiboli sijawahi kuiangalia hata dakika moja ila naomba niseme. Kaka yangu alikatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, chini ya goti vilevile, wa kulia. Najua kidogo maisha ya mguu wa bandia yanavyokuwa nyumbani.

Asubuhi anavaa soksi ya kigutu moja. Kufika mchana kigutu kinakuwa kimenywea, mguu unaanza kucheza ndani, anaongeza soksi ya pili. Jua likiwaka jasho linajaa ndani, anavua, anafuta, anavaa tena. Akisimama sana panatoka wekundu, na wekundu ukipuuzwa unakuwa kidonda, na kidonda ni wiki mbili za magongo. Na huo ni mguu wa siku hizi, mwepesi, wenye kikombe kilichochongwa kwa kipimo chake.

Huyo wa 1945 alikuwa na mguu wa namna gani?

Kushoto_Temeke:
Dada, pole sana kwa kaka na mpe salamu zetu. Swali lako linanipeleka moja kwa moja kwenye kipande kinachofuata.

Mguu wake wa kwanza alitengenezewa kambini. Alikuwa mfungwa wa vita, na mwenzake, Mkanada anayeitwa Don Errey, akamuundia mguu kwa vitu walivyookoteza humohumo. Alivyoupata tu akaanza kutembea, baadaye kujaribu kukimbia, baadaye kurusha mpira. Kabla ya kutoka kambini tayari alikuwa anajipima kama bado anaweza kutupa.

Februari 1945 akarudishwa Marekani kwenye mabadilishano ya wafungwa, kwa meli ya Gripsholm. Akapelekwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, akapata mguu ulio bora. Naibu waziri wa vita, Robert Patterson, alikutana na majeruhi waliorudi akawauliza wanataka kufanya nini maishani. Shepard akajibu anataka kucheza besiboli. Patterson akampigia simu Clark Griffith, mwenye timu ya Washington Senators, amwangalie.

Machi 1945 akatokea kwenye mazoezi ya timu, College Park, Maryland. (Wakati wa vita timu zilikatazwa kusafiri mbali kusini kwa mazoezi, kwa sababu treni zilihitajika kwa jeshi.) Wapiga picha walijaa. Akatupa, akapiga, akakimbia besi. Griffith akampa kazi: kocha, na mtupaji wa mazoezi kwa wapigaji.

Mdadisi_Nakuru:
Sasa hapa ndipo nina shaka, na nasema kwa heshima. Si hiyo ni propaganda ya wakati wa vita? Majeruhi anarudi, waziri anapiga simu, mwenye timu anapata picha gazetini, tiketi zinauzwa. Mwaka huohuo kulikuwa na mchezaji wa mkono mmoja kwenye timu nyingine, nimewahi kumsoma. Ligi ilikuwa imeishiwa watu, wakawa wanachukua yeyote.

Kushoto_Temeke:
Mkuu, shaka yako ni ya haki na nitaijibu bila kuikwepa.

Ni kweli ligi ilikuwa imeishiwa. Januari 1942 Rais Roosevelt aliandika barua kusema besiboli iendelee ili wananchi wapate pa kupumzisha roho, lakini wachezaji hawakupewa msamaha wowote wa kutoandikishwa. Zaidi ya wachezaji 500 wa ligi kuu walikwenda jeshini. Ted Williams wa Boston, mpigaji bora wa zama zake, hakucheza 1943, 1944 wala 1945. Bob Feller, mtupaji nyota, alijiunga na jeshi la majini mara tu baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor.

Pengo likazibwa na wazee, watoto na waliokataliwa na jeshi. Juni 10, 1944 Cincinnati walimweka kilimani Joe Nuxhall, mwenye miaka 15. Akatupa theluthi mbili za zamu, mikimbio 5, wastani 67.50. Na huyo unayemkumbuka wa mkono mmoja ni Pete Gray wa St. Louis Browns: michezo 77 mwaka 1945, wastani wa kupiga .218 (mapigo gawanya kwa nafasi za kupiga).

Kwa hiyo ndiyo, mlango ulifunguliwa na vita. Bila vita Shepard asingekuwa ligi kuu. Lakini pia bila vita angekuwa na miguu miwili.

Suala la propaganda nalijibu hivi. Kama walimtaka kwa picha tu, picha walishazipata Machi. Kisha akakaa benchi Aprili, Mei, Juni. Julai 10 alipewa mchezo wa hisani dhidi ya Brooklyn Dodgers, akatupa zamu 4, timu ikashinda. Huo haumo kwenye kumbukumbu rasmi. Baada ya hapo akarudi benchi, kwa sababu Senators hawakuwa wanafanya mzaha: walikuwa wanagombea ubingwa.

Mdadisi_Nakuru:
Sawa, nimekupata. Endelea na mchezo wenyewe.

Kushoto_Temeke:
Haya. Jumamosi, Agosti 4, 1945, uwanja wa Griffith, Washington. Siku mbili kabla ya Hiroshima.

Senators walikuwa kwenye mfululizo wa siku za michezo miwili kwa siku, watupaji hoi. Huu ulikuwa mchezo wa pili wa siku, dhidi ya Boston Red Sox. Zamu ya nne Boston wakafungua bomba. Mpigaji wao Tom McBride peke yake aliingiza mikimbio 6 katika zamu hiyo moja, akapiga mara mbili besi zikiwa zimejaa (kila besi ina mkimbiaji).

Katikati ya mafuriko hayo aliingizwa kijana mgeni, Joe Cleary, mzaliwa wa Cork, Ireland. Alimtoa mtu mmoja tu. Mikimbio 7. Meneja Ossie Bluege akatoka kumwondoa.

Mikimbio 12 imeingia katika zamu moja. Watu wawili wametolewa, bado mmoja. Bluege akamwita Shepard.

Anayesubiri kupiga ni George Metkovich. Shepard akamtoa kwa straiki tatu. Zamu ikafungwa hapo.

HesabuSafi, ile ".1" uliyoiuliza ni Metkovich.

HesabuSafi:
Nimesisimka mkuu. Kumbe theluthi ile ni mtu.

Mama_Tunu:
Mimi ambaye sijui mchezo nimejikuta nasoma kwa sauti, mume wangu ananiuliza kuna nini.

Kushoto_Temeke:
Akaendelea mpaka mwisho. Zamu tano nzima baada ya hiyo theluthi. Mapigo matatu, mkimbio mmoja. Alipopiga mwenyewe (zama hizo mtupaji naye alikuwa anapiga) alipata nafasi 3 na hakufika besi. Senators walilala 15 kwa 4.

Sasa weka majina mawili sambamba, ya mchana uleule, timu ileile, kilima kilekile.

Cleary: mchezo 1 katika maisha yake yote ya ligi kuu. Theluthi ya zamu. Wastani 189.00. Hesabu ni rahisi: 7 × 9 = 63, gawanya kwa theluthi, 189. Hakuna mtupaji aliyewahi kumtoa mtu akaacha wastani mkubwa kuliko huo.

Shepard: mchezo 1 katika maisha yake yote ya ligi kuu. Wastani 1.69.

Hao wawili walipokezana mpira. Mmoja anatoka, mwingine anaingia. Nimeitazama hiyo miaka mingi na bado naona ni kurasa mbili za ajabu kuliko zote katika vitabu vya takwimu vya mchezo huu.

Pwani_Moja:
Namhurumia Cleary. Theluthi moja ya zamu, na dunia inamkumbuka kwa hiyo tu.

Kushoto_Temeke:
Nami pia ndugu yangu. Na ndiyo maana sipendi mtu amtaje kwa kumcheka. Kufika pale tu, kutoka Cork mpaka kilima cha Washington, ni safari. Baada yake hakutokea mzaliwa mwingine wa kisiwa cha Ireland ligi kuu mpaka 2018, alipotupa P.J. Conlon wa Belfast.

Kocha_Upanga:
Ila mkuu tuseme na upande mwingine. Zamu tano ni chache mno kumpima mtupaji. Hata mimi ninao vijana waliowahi kutupa siku moja kama malaika na wiki ijayo wakapigwa. Tena Boston ile haikuwa na Williams. Na mchezo ulishaisha, 14 na kitu, wapigaji wanataka kwenda nyumbani.

Kushoto_Temeke:
Yote kweli Kocha, na sitasema kwamba alikuwa mtupaji wa 1.69. Angecheza msimu mzima ingepanda, pengine sana. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo: alikwenda pale dhidi ya wapigaji wa ligi kuu, akawatoa watu 16, na wao hawakuwa wanamwachia. Mpigaji wa ligi kuu anaishi kwa wastani wake, hana mtu wa kumpa zawadi.

Mdadisi_Nakuru:
Kwa nini hakupewa mchezo wa pili? Kama alitupa hivyo, na walikuwa hawana watupaji?

Kushoto_Temeke:
Swali hili limenisumbua kuliko yote.

Senators wa 1945 walikuwa na watupaji wanne waliokuwa wakitegemea ule mpira usiozunguka, unaoyumba hewani mpaka mdakaji mwenyewe hajui utaishia wapi: Dutch Leonard, Roger Wolff, Mickey Haefner na Johnny Niggeling. Hao waliibeba timu. Kupiga walikuwa dhaifu; msimu mzima walipata homurani (pigo linalomzungusha mpigaji besi zote) moja tu kwenye uwanja wao, ya Joe Kuhel, na hata hiyo mpira haukutoka nje ya uwanja, alikimbia tu akazunguka besi zote. Kwa hiyo kila mkimbio ulihesabiwa, na meneja aliwashikilia watu wanne aliowaamini.

Walimaliza 87 kwa 67. Detroit Tigers 88 kwa 65. Walikosa ubingwa kwa mchezo mmoja na nusu. Na aliyefunga mlango ni Hank Greenberg wa Detroit, ambaye alirudi kutoka jeshini Julai 1 mwaka uleule. Siku ya mwisho, Septemba 30, akapiga homurani besi zikiwa zimejaa.

Mimi naamini Bluege alipaswa kumpa Shepard walau michezo miwili mitatu mingine. Haefner na wenzake walikuwa wamechoka, na tofauti ilikuwa mchezo mmoja na nusu. Hilo ni langu, mtu anaweza kunipinga.

Agosti 31 walimwita uwanjani kati ya michezo miwili, wakamvisha nishani ya marubani mbele ya mashabiki. Nishani alipewa. Mpira hakupewa tena.

Salma_Maryland:
Nimeusoma uzi wote kutoka huku, naishi si mbali na College Park. Naomba niongeze jambo ambalo haliwezi kuachwa.

Uwanja uleule wa Griffith ulikuwa pia nyumbani kwa Homestead Grays, timu ya ligi za Weusi. Josh Gibson alikuwa anacheza hapohapo, na alikuwa mmoja wa wapigaji hatari kuliko wote walioishi. Umesema Senators walipata homurani moja nyumbani mwaka mzima. Dawa yao ilikuwa inalala uwanja mmoja nao, na hawakuitaka kwa sababu ya rangi.

Na Boston hao hao. Aprili 16, 1945, miezi minne kasoro kabla ya mchezo wa Shepard, waliwaita wachezaji Weusi Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams kwenye majaribio pale Fenway Park, kwa shinikizo la mwanasiasa wa jiji. Wakawaangalia, wakawaruhusu waende, hawakuwapigia simu tena. Boston walikuwa wa mwisho kabisa katika ligi kumweka mchezaji Mweusi, 1959. Washington ilikuwa 1954.

Kwa hiyo 1945 ligi ilikuwa tayari kumpa nafasi mtoto wa miaka 15, mtu wa mkono mmoja, mtu wa mguu mmoja. Simwondolei Shepard chochote, alistahili. Ila tunapozungumzia "kuishiwa watu" tujue watu walikuwepo.

Kushoto_Temeke:
Dada Salma, nimekaa kimya dakika nzima. Nilitaja uwanja wa Griffith nikampita Gibson. Asante. Mei 2024 ligi kuu iliziingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi, na Gibson ndiye sasa anayeongoza kwa wastani wa kupiga wa maisha yote, .372. Jina lake liko kwenye kitabu kimoja na Shepard na Cleary, miaka karibu 80 baadaye.

Salma_Maryland:
Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia ligi kuu kama Mweusi wa kwanza wa zama zile.

HesabuSafi:
Kuna wengine wa mchezo mmoja ambao vita viliwachukua kabisa?

Kushoto_Temeke:
Wapo. Waliowahi kucheza ligi kuu na wakafa vitani katika vita vile vya pili ni wawili. Elmer Gedeon, wa Washington hii hii, michezo 5 mwaka 1939, mapigo 3 kati ya nafasi 15. Ndege yake ya mabomu ilitunguliwa Ufaransa Aprili 20, 1944. Na Harry O'Neill, mdakaji wa Philadelphia Athletics, mchezo 1 mwaka 1939. Aliingia mwishoni akalinda, hakupata hata nafasi ya kushika gongo. Aliuawa Iwo Jima Machi 6, 1945. Mstari wake una sifuri tupu.

Binti_Kigoma:
Jamani.

Shepard mwenyewe aliishia wapi? Na yule daktari?

Kushoto_Temeke:
1946 alirudi ligi ndogo, Chattanooga. Mguu ukamsumbua, akapasuliwa tena. Lakini 1949 alikuwa meneja na mchezaji Waterbury, Connecticut, anacheza besi ya kwanza, na aliiba besi. Kuiba besi ni kukimbia kabla mpira haujapigwa, ukishindana na mkono wa mdakaji. Alifanya hivyo kwa mguu wa bandia.

Baadaye akafanya kazi ya uhandisi wa usalama kazini. Akahamia gofu, akawa bingwa wa taifa wa waliokatwa viungo mara mbili, 1968 na 1971. Alifariki Juni 2008 California, akikaribia miaka 88.

Na daktari. Kwa karibu miaka 50 Shepard hakujua ni nani aliyemtoa kwenye zile uma za wakulima. Mwingereza mmoja alikutana na mzee wa Kiaustria ambaye alimsimulia kwamba wakati wa vita aliwahi kumwokoa rubani Mmarekani, na angependa kujua kama aliishi. Huyo Mwingereza akafuatilia mpaka akampata. 1993 Shepard akasafiri kwenda Austria, akakutana na Loidl uso kwa uso.

Mama_Tunu:
Nimelia. Sina cha kuongeza.

Kocha_Upanga:
Kesho jioni nina mazoezi na vijana. Nitawaambia wavue kiatu cha mguu wa kutua, warushe mara tano kwenye mchanga wakiwa wamekaza kifundo kisikunjike. Wajionee wenyewe kabla sijawapa jina lake.

Binti_Kigoma:
Wakuu, nimerudi. Nimemsomea kaka uzi wote, amesikiliza amelala chali na mguu umeegemezwa ukutani. Amecheka aliposikia habari ya kuiba besi. Ana swali moja, ameniagiza niliandike kama lilivyo: "Muulize, alivyokuwa anatua, goti alilikunja au alilinyoosha?"

Kocha_Upanga:
Mwambie kaka sijawahi kumwona akitupa, kwa hiyo sitasema alifanyaje. Ila mtupaji akitua goti limenyooka kabisa, mshindo wote unapanda moja kwa moja kwenye nyonga. Ukilikunja kidogo, goti linaupokea. Goti lake alikuwa nalo bado.

Binti_Kigoma:
Nimemwambia. Amesimama, anajaribu hapa uani.